Mwaka wa Kazi ya Ustawi: Kutoka Madarasa ya Kijitonyama hadi Wodi za Mwananyamala na Temeke

Daktari anapoandika katika faili kwamba mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, kwa upande wa tiba sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha. Kwa mgonjwa, mara nyingi kazi ndiyo kwanza inaanza. Nyumbani ni wapi, na kuna nani? Nauli itatoka wapi? Deni la hospitali litalipwaje? Nani atamkumbusha dawa za jioni? Na iwapo aliyemjeruhi ndiye anayeishi naye chumba kimoja, atarudije huko? Maswali haya hayapimwi maabara wala hayaonekani katika picha ya eksirei. Hata hivyo, majibu yake huweza kuamua kama mgonjwa atapona au atarejea wodini baada ya majuma mawili akiwa katika hali mbaya zaidi.

Jijini Dar es Salaam, wengi wa wanaosomea kuyajibu maswali hayo hukutana Kijitonyama, katika Manispaa ya Kinondoni, kwenye Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ambayo watu wengi huiita kwa kifupi Chuo cha Ustawi. Makala haya yanaifuata kalenda ya kazi ya ustawi kwa mwaka mmoja. Lengo si kuhesabu sherehe zake, bali kutazama ni wapi kila siku inayoadhimishwa hukutana na mgonjwa na mhudumu wa afya. Ukubwa wa kazi yenyewe unaonekana katika hesabu. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Manispaa ya Temeke na 982,328 katika Manispaa ya Kinondoni, miongoni mwa wakazi 5,383,728 wa mkoa mzima. Katika manispaa hizo mbili, hospitali za rufaa za mkoa ni Mwananyamala na Temeke. Wagonjwa wanaofika hapo hutoka Bunju na Tandale, Mbagala na Chamazi, na kila mmoja huja na ugonjwa wake pamoja na mazingira yake.

Chuo kilichoanzishwa kwa sheria

Taasisi hii ilianzishwa kwa Sheria Namba 26 ya mwaka 1973, ikiwa chuo cha taifa cha mafunzo ya ustawi wa jamii. Wakati huo taifa changa lilihitaji maofisa wa kusimamia malezi ya watoto, wazee wasiojiweza, wafungwa wanaorudi uraiani na familia zilizofarakana. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2002 yaliipa jina inalolitumia sasa. Kwa hiyo mwaka 2023 ulitimiza nusu karne tangu sheria ile ipitishwe.

Katika miaka hiyo 50 chuo kimepanuka. Pamoja na kozi ya ustawi wa jamii, kinafundisha rasilimali watu, mahusiano kazini na malezi ya awali ya mtoto, katika ngazi za kuanzia cheti hadi shahada na zaidi. Kimefungua pia kampasi Kisangara, wilayani Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Vyuo vingine vimejiunga na kazi hiyo. Kimojawapo ni Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kilichopo Mikocheni, ambako ustawi wa jamii hufundishwa katika chuo kimoja na udaktari na uuguzi. Tangu Januari 2022, Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum imekuwa wizara inayojitegemea, nje ya Wizara ya Afya. Utengano huo wa kiutawala unaongeza umuhimu wa mawasiliano, kwa sababu mgonjwa mmoja huhitaji huduma za wizara zote mbili, na mara nyingi ndani ya jengo lilelile.

Mwanzo wa mwaka: kujifunza kuuliza

Mwaka wa masomo huanza katika miezi ya mwisho ya mwaka wa kalenda. Mwanafunzi mpya hufundishwa saikolojia, sosholojia, sheria za familia na za mtoto, taratibu za ushauri nasaha, pamoja na maadili ya kazi. Msingi wa yote hayo ni ustadi unaoonekana mwepesi kuliko ulivyo: kumhoji mtu bila kumdhalilisha, na kumsikiliza bila kumkatiza.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mwenye shida dhahiri hahitaji kuhojiwa kabla ya kusaidiwa. Hekima hiyo inafaa sana katika chumba cha dharura. Lakini mgonjwa akishatulia, taaluma ya ustawi inaongeza swali ambalo methali haikulishughulikia: huo uji utapikwa na nani kesho, na kwa unga wa nani? Mtu mwenye kisukari anayeambiwa ale mara kwa mara, ilhali kwake chungu hupikwa mara moja kwa siku, hajakaidi ushauri wa daktari. Ushauri huo haukuifikia hali yake. Mama anayekatisha dawa za kifua kikuu katika mwezi wa tatu kati ya sita huenda hakuchoka nazo. Huenda anazificha asije akafukuzwa katika chumba alichopanga. Tathmini ya hali ya kijamii na kiuchumi, ambayo mwanafunzi huifanyia mazoezi tena na tena, ndiyo njia ya kuyatoa mambo kama hayo moyoni mwa mgonjwa na kuyaingiza katika mpango wa matibabu.

Novemba na Desemba: siku 16 na saa 72

Mwaka wa masomo unapoanza kushika kasi, huja Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba. Makongamano na maandamano ya siku hizo yana sababu nzito. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilikuwa miongoni mwa taasisi zilizouendesha. Utafiti huo ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza umri wa miaka 18. Idadi hiyo ya wavulana iliwashangaza wengi, na hadi leo mtoto wa kiume aliyedhurika husahaulika kwa urahisi.

Matokeo hayo yalisaidia kuandaa njia ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18 na kufuatiwa na awamu ya pili mwaka 2024. Ndani ya hospitali, mabadiliko makubwa yalikuwa vituo vya Mkono kwa Mkono. Hospitali ya Amana, Ilala, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo Tanzania Bara kuwa na kituo hicho. Katika kituo cha namna hiyo, manusura hutibiwa, hupewa ushauri nasaha na huhudumiwa na polisi na ofisa ustawi mahali pamoja. Nia ni kumwepusha na adha ya kusimulia aibu yake mara nne katika ofisi nne, mbele ya watu wasiohusika.

Kwa mhudumu wa afya, jambo la kukumbuka ni saa. Dawa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba huweza kutolewa hadi siku tano, nazo pia hufaa zaidi zikiwahiwa. Fomu Namba 3 ya Polisi ina umuhimu wake mahakamani, lakini tiba ya dharura haipaswi kusubiri fomu. Mtoto aliyefikishwa Ijumaa jioni, akarudishwa kutafuta karatasi na kurejea Jumatatu, huenda amepoteza kinga ambayo hakuna hukumu itakayoirejesha. Hapo ofisa ustawi huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuhakikisha kwamba tiba haicheleweshwi, na kuhakikisha kwamba ushahidi na usalama wa mtoto havipotei wakati tiba ikiendelea.

Machi: ofisa mmoja mwenye mabwana wawili

Jumanne ya tatu ya kila mwezi Machi huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Ustawi wa Jamii. Ni siku ambayo wahadhiri, wanafunzi na wanachama wa Chama cha Wataalamu wa Ustawi wa Jamii Tanzania hupata nafasi ya kutafakari hadhi ya taaluma yao. Kwa hospitali, siku hiyo inafaa kukumbusha kwamba ofisa ustawi si mgeni aliyeletwa juzi na wafadhili.

Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free jijini London ilimwajiri Mary Stewart, anayehesabiwa kuwa wa kwanza kushika kazi ya namna hii katika hospitali. Aliajiriwa hasa ili kuwabaini watu wenye uwezo waliokuwa wakitumia huduma ya bure, na kuwaelekeza mafukara kwenye vyombo vya misaada. Miaka 10 baadaye, mjini Boston nchini Marekani, daktari Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital aliweka mtumishi wa aina hiyo kwa sababu tofauti. Aliona kuwa vipimo na dawa alizowaandikia wagonjwa wake maskini hazikuwafaa kitu pasipo kujua maisha yao. Tangu mwanzo, basi, kazi hii imekuwa na sura mbili: kulinda mfuko wa hospitali na kumtetea mgonjwa.

Sura hizo mbili zinaonekana wazi Tanzania tangu mwaka 1993, uchangiaji wa gharama ulipoanza kuingizwa katika hospitali za umma. Sera iliweka makundi yanayostahili msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Wengine wasioweza kulipa, ingawa hawamo katika makundi hayo, huweza kupewa msamaha wa muda baada ya kutathminiwa. Anayefanya tathmini hiyo ni ofisa ustawi wa jamii.

Uzito wa uamuzi huo si mdogo. Kila msamaha unaotolewa ni dawa au kitendanishi ambacho hospitali italazimika kukigharimia kwa namna nyingine. Kila msamaha unaokataliwa isivyo haki huweza kumfanya mgonjwa atoroke wodini usiku kabla ya kumaliza dozi, au ndugu wauze cherehani iliyokuwa ikiwalisha. Uongozi wa hospitali huuliza kwa nini misamaha imezidi. Ndugu wa mgonjwa huuliza kwa nini wananyimwa. Ofisa hukaa katikati, mara nyingi akiwa na meza moja, daftari moja na foleni isiyokwisha. Chuo hakiwezi kumwondolea mwanafunzi mvutano huo. Kinachoweza kufanya ni kumfundisha kuamua kwa vigezo vinavyofahamika, kuandika sababu za uamuzi wake, na kutotumia kipimo cha nguo alizovaa mtu. Mwenye shati safi huenda ameliazima kwa ajili ya kuja hospitali.

Mafunzo kwa vitendo: dozi ya kila siku

Kiini cha mwaka wa mwanafunzi wa ustawi ni mafunzo kwa vitendo. Hapo wanafunzi hutawanyika katika hospitali, ofisi za halmashauri, mahakama, makao ya watoto na mashirika ya kijamii, wakisimamiwa na mtumishi mzoefu pamoja na mhadhiri anayewatembelea. Miongoni mwa mahali panapoonyesha wazi faida ya taaluma hii ni kliniki za waraibu wa heroini.

Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011. Ikafuata Mwananyamala mwaka 2012, kisha Temeke mwaka 2014, na hivyo wilaya zilizokuwa zimeathirika sana na heroini zikapata kliniki karibu na maskani za watumiaji. Methadoni hukaa mwilini kwa muda mrefu, na hivyo dozi moja kwa siku inatosha kumkinga mraibu dhidi ya arosto, yaani mateso ya kukosa dawa ya kulevya. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Akidumu nayo, huacha kujidunga, na hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini kwa njia ya sindano hupungua sana.

Kifamasia jambo hilo ni jepesi. Katika maisha lina ugumu wake. Kunywa dawa kila siku maana yake ni kufika kliniki kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Anayetoka Chamazi hadi Temeke huhitaji nauli ya kwenda na kurudi, wakati hana kazi na jamaa zake wamechoka kuibiwa. Akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili wake hupunguza uvumilivu na dozi yake lazima ipimwe upya, kwa kuwa dozi ya zamani inaweza kumwua. Ndiyo maana kliniki ya methadoni haijengwi na daktari na mfamasia peke yao. Huhitaji mtu wa kumtafuta mgonjwa aliyepotea, wa kuzungumza na mama yake aliyefunga mlango, wa kumwombea kazi ya kufua au kuosha magari, na wa kumtetea anapokamatwa akiwa njiani kuja kunywa dawa. Mwanafunzi aliyepitia kliniki kama hiyo huondoka akijua kwamba kurudi kwa mraibu kwenye familia ni sehemu ya tiba, sawa na chupa iliyo dirishani.

Maafa nayo yamewafunza watu wa Dar es Salaam somo hilohilo. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala. Desemba 2011 mafuriko yaliwakumba wakazi wa mabondeni, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Katika matukio kama hayo majeraha ya mwili huhesabiwa siku zilezile. Watoto waliotenganishwa na wazazi, wazee waliopoteza vitambulisho na dawa zao za shinikizo la damu, na watu wanaoshtuka usiku kwa kila kishindo, huhitaji msaada wa muda mrefu.

Juni: mtoto na mtu wa kumjua jirani

Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Kwa wanafunzi wa Kijitonyama ni nafasi ya kurudia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamtambua mtoto kuwa kila mtu aliye chini ya miaka 18 na kuweka wajibu kwa mwanajamii yeyote kutoa taarifa pale haki za mtoto zinapovunjwa. Mhudumu wa afya hana udhuru katika wajibu huo. Mtoto mwenye mivunjiko ya umri tofauti, au mwenye majeraha yasiyolingana na maelezo ya mzazi, hatakiwi kufungwa plasta na kurudishwa bila ofisa ustawi kuitwa. Aliye mbali na hospitali anaweza kupiga simu namba 116, ambayo ni huduma ya bure ya simu kwa ajili ya watoto.

Temeke ina taasisi zinazomkumbusha mwanafunzi kwamba sheria hiyo inahusu watoto halisi. Kurasini yapo makao ya taifa ya watoto yanayoendeshwa na serikali. Mwaka 2021 Mahakama ilianzisha Temeke kituo jumuishi kinachoshughulikia masuala ya familia, yakiwemo mirathi na ndoa. Mgogoro wa mirathi unaoishia hapo huenda ulianzia wodini, pale baba alipofariki na ndugu wakaanza kugawana vyombo kabla ya matanga kuanuliwa, huku mjane akiachwa na watoto wasio na bima wala ada.

Mafanikio ambayo chuo kinaweza kujivunia katika eneo la watoto yalitokana na kukiri kwamba wahitimu hawatatosha kamwe. Kuanzia mwaka 2006, katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilishirikiana na Chuo cha Jane Addams cha Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago kuandaa mafunzo ya wasaidizi wa ustawi wa jamii. Jina la chuo hicho ni la mwanamke aliyeanzisha nyumba ya huduma kwa wahamiaji maskini wa Chicago mwaka 1889 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1931. Wasaidizi walichaguliwa kutoka katika jamii zao wenyewe, wakapewa mafunzo mafupi ya darasani, wakarudi mitaani kufanya kazi chini ya usimamizi, kisha wakarejea darasani kujadili waliyokutana nayo.

Ubora wa mpango huo uko katika jambo dogo: msaidizi anamjua jirani. Anajua nyumba ambayo bibi anawalea wajukuu wanne, anajua mtoto aliyeacha shule ili amuuguze mama, na anajua pia kwamba baba anayedaiwa kusafiri kwa kweli amefungwa Keko. Hospitali haiwezi kuyajua hayo kwa mahojiano ya dakika 10. Hata hivyo msaidizi bila ofisa wa kumpelekea taarifa hugeuka kuwa shahidi wa shida asiyeweza kuitatua. Ndiyo sababu wahitimu wa chuo na wasaidizi wa mitaani wanategemeana, kama wanavyotegemeana daktari na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Oktoba: wazee na bima

Tarehe 1 Oktoba, kabla ya mwaka mwingine wa masomo kuanza, ni Siku ya Wazee. Tanzania ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na serikali huendesha makazi ya wazee wasiojiweza, yakiwemo ya Nunge, Kigamboni. Lakini idadi kubwa ya wazee wa Temeke na Kinondoni wanaishi katika nyumba za watoto wao, au katika vyumba walivyobaki navyo baada ya watoto kuondoka. Mzee huyo hufika hospitali akiwa amechelewa, kwa kuwa hakutaka kumsumbua mtu. Haki yake ya msamaha imo katika sera. Tatizo ni kwamba huenda hajui aanzie dirisha gani, au hana karatasi inayothibitisha umri wake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kubadili hali hiyo kwa kuweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Sheria hiyo haitapunguza kazi ya ofisa ustawi. Swali la zamani, yaani nani hana uwezo, litaulizwa kwa upana zaidi, na kosa katika kulijibu litaweza kumnyima mtu bima nzima badala ya dozi moja. Jiji linakuwa mahali pagumu kwa swali hili, kwa sababu mtu anaweza kuwa na nyumba ya urithi Tandika na asiwe na chakula ndani yake.

Yanayoweza kufanyika kesho asubuhi

Mwaka wa chuo hufungwa kwa mahafali, na majoho huonyesha idadi ya wahitimu. Mafanikio mengine hayana joho: mgonjwa aliyemaliza miezi sita ya dawa, mtoto ambaye hakurudishwa kwa aliyemdhuru, mraibu aliyekubaliwa tena kula sahani moja na nduguze. Ili hayo yaongezeke, wahudumu wa afya wanaweza kuanza na mambo machache yasiyohitaji bajeti mpya.

Kwanza, ofisa ustawi aitwe mapema, mgonjwa anapolazwa, badala ya kuitwa siku ya kuruhusiwa wakati deni limekwisha kuwa mlima. Pili, maelezo yake yasomwe na kujadiliwa katika mzunguko wa wodi kama yanavyosomwa majibu ya maabara. Tatu, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo asigeuzwe mtunza faili; akabidhiwe mgonjwa wa kumfuatilia, chini ya usimamizi. Nne, siri za mgonjwa zizungumzwe mahali penye mlango unaofungwa. Maneno yaliyosemwa mbele ya foleni huzunguka mtaani kabla ya mgonjwa kufika nyumbani.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Asiyeweza kulipa aulize mapokezi, au amuulize muuguzi, ilipo ofisi ya ustawi wa jamii, bila kusubiri deni likue. Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa, kitambulisho chochote alicho nacho, na karatasi za matibabu ya awali humrahisishia ofisa kazi. Kama hana chochote kati ya hivyo, bado aende; kukosa karatasi ni sehemu ya hali inayotathminiwa. Aeleze ukweli, ukiwemo ule unaomwonea haya, kwa sababu msaada unaojengwa juu ya maelezo pungufu huporomoka mapema. Na mwenye kuumizwa nyumbani, awe mke, mume, mtoto au mzee, ana haki ya kuomba azungumze na ofisa huyo peke yake, bila mtu aliyemsindikiza kuwapo.